Mara ya Tatu Musherekha Ukakubali

Kwetu Kakamega, mrenda usiotiwa musherekha ni majani ya kuchemsha tu. Nilipohamia Nairobi nikazoea magadi ya dukani, na kila Kukhu, nyanya yangu, alipokuja kututembelea alionja kidogo, akasukuma sahani taratibu, akaomba chai. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Kwa asiyeujua, musherekha ni maji yaliyochujwa kwenye majivu. Mimi ni mwalimu wa kemia, kwa hiyo nilijiambia hii ni kazi ya nusu saa. Nikazoa majivu kwenye jiko la makaa, nikayamwaga kwenye kopo nililotoboa kwa msumari, nikatia maji. Kilichotoka kilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya taa, na ulimini hakikuwa na ukali wowote. Nikampigia Kukhu. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza swali moja: "Majivu ya nini?"

Kwake hakuna kitu kinachoitwa majivu tu. Yapo ya makapi ya maharage, yapo ya maganda ya ndizi, yapo ya magunzi ya mahindi, na kila moja lina kazi yake. Ya jiko langu yalikuwa ya kusugulia sufuria. Baadaye nilikaa nikaona ana haki hata kwa vitabu vyangu: majivu ya mti mgumu yana chokaa nyingi, nayo chokaa hiyo haiyeyuki majini, lakini makapi ya maharage yana potasiamu tele, na chumvi zake huyeyuka upesi. Na jiko lililowashwa kwa mafuta ya taa na vipande vya plastiki halitoi kitu cha kutia chakulani.

Hapo nikacheka peke yangu. Kila mwaka wanafunzi huniuliza kwa nini potasiamu huandikwa K. Nawaeleza kwamba K ni ya kalium, nayo kalium imetoka kwenye Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea ya chumvichumvi. Na kwamba mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliitenga London mwaka 1807 kwa kupitisha umeme kwenye potashi, kemikali iliyotokana na majivu, baada ya kuiyeyusha. Nimelisema hilo miaka tisa bila kukikumbuka hata siku moja chungu cha Kukhu chenye matundu.

Gunia la makapi likaja na basi. Niliyachoma juu ya bati safi ili udongo usiingie, nikasubiri mpaka yakawa meupe kama unga wa muhogo. Safari hii nilitandika nyasi safi chini ya kopo, nikashindilia majivu kidogo kwa kiganja, nikamimina maji polepole. Kwa muda mrefu hakikutoka kitu. Kisha tone moja, la pili, rangi ya chai ya rangi. Ukisugua kati ya vidole unateleza kama sabuni, na sababu ni ileile: sabuni za zamani zilitengenezwa kwa maji haya haya na mafuta.

Nikaharibu tena. Nilitia kikombe kizima kwenye kunde, zikageuka uji wa kijani wenye ladha ya sabuni. Ukali huu huvunja kile kinachoshika nyuzi za jani, ndiyo maana mboga ngumu hulainika haraka, lakini ukizidisha unaua pia vitamini. Mara ya tatu nikatia vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu watano. Mrenda ukavutika.

Tangu hapo swali la Kukhu linanifuata. Maharage yangu ya mbegu nayachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa. Hujaza nafasi kati ya punje na kumkwaruza fukusi ngozi mpaka anakauka. Hapo majivu yoyote safi yanatosha. Kwenye kitovu cha mtoto mchanga, hakuna majivu yanayofaa, ya mti wowote ule. Jirani alipotaka kumpaka mjukuu wake nilibishana naye mlangoni bila haya, kwa sababu pepopunda huingia hapohapo. Tukaenda kliniki pamoja, amenuna njia nzima.

Na mwaka jana nilipeleka wanafunzi Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa pwani, nikasimama mbele ya vigae vya seladoni, vyombo vya udongo vya kijani vinavyong'aa vilivyoletwa kutoka China karne nyingi zilizopita. Ule mng'ao wa kijani una majivu ya mimea ndani yake. Wafinyanzi wa huko, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, waliona majivu ya kuni yakiruka tanuruni, yakitua mabegani mwa vyungu na kuyeyuka kuwa kioo. Wakaanza kuyapaka wenyewe. Inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Vyungu vya kwetu huchomwa kwa moto wa wazi usiofika huko, ndiyo maana cha Kukhu hakijawahi kung'aa licha ya majivu yote kiliyoyabeba.

Alikuja Disemba. Nikampakulia mrenda na ugali wa wimbi, nikajifanya nashughulika na birika. Akala, akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Chumvi imezidi," akasema, akasogeza sahani niongeze.