Siku Bibie alipokata kauli

Alhamisi, usiku wa manane

Asubuhi nimemwita mara nne. Mara ya kwanza taa yake iliwaka, ikazunguka, ikazima, kimya. Mara ya pili akaniambia, kwa upole ule ule wa kila siku, kwamba kwa sasa anapata shida kunielewa, nijaribu tena baadaye. Mara ya tatu nilipaza sauti. Ya nne sitaiandika hapa.

Bibie ni spika janja, ile ya kuamriwa kwa sauti, kidude cha duara chenye kimo cha kikombe, makazi yake juu ya kabati la vitabu sebuleni. Jina lake halisi, lile la kumwamsha, tumejifunza kutolitaja ovyo, maana ukiliteleza tu katikati ya maongezi anadakia maneno ya watu. Ndipo binti yangu akambandika hili la Bibie, ili tuweze kumsengenya yupo na asijue.

Kilichonikera ni kwamba aliitika. Angekuwa amezimika kabisa ningejua pa kuanzia: plagi, waya, adapta. Lakini alisikia jina lake, akawasha taa, akakwama hapo hapo. Nimelitafakari hilo njia nzima ya kwenda kazini. Ndani yake mna chipu ambayo kazi yake ni kusubiri lile neno moja tu, na kazi hiyo haihitaji intaneti. Akishalisikia ndipo anairusha sauti yako kwenye seva huko mbali. Huko ndiko sauti inakogeuzwa kuwa maneno, maneno yakatafutiwa maana, na jibu likarudishwa. Yaani masikio yapo sebuleni kwangu, akili ipo kwingine kabisa. Leo masikio yalikuwa mazima, njia ya kwenda kwenye akili ndiyo iliyoziba. (Nawajua binadamu wa aina hiyo, ila tuyaache.)

Jioni, kabla sijavua viatu, mke wangu akaniuliza, "Umeshamzima ukamwasha?"

Swali hili huudhi kwa sababu karibu kila mara ndilo lenye jibu. Na wala si ushauri wa wasiojua. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme kabisa kila baada ya muda, kwa kuwa vifaa vinavyoongoza jenereta zake vikikaa vimewashwa siku 248 mfululizo, kihesabu muda kilichomo ndani kinajaa na jenereta zote zinaweza kujizima kwa mpigo. Ndege nzima, dawa yake zima uwashe. Programu ikikimbia muda mrefu hukusanya uchafu: nafasi ya kumbukumbu iliyokamatwa na haikuachiwa, muunganisho unaodhani bado upo kumbe ulishakatika. Ukizima, yote hayo yanafutika, inaanza asubuhi yake upya. Bibie wangu hajazimwa tangu siku tuliyomtoa kwenye boksi.

Nikaanza na ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani. Ukimwasha spika kwanza ataamka akatafuta mtandao ambao nao bado unajikusanya, atashindwa, na utadhani hajapona. Nikachomoa ruta, kisha nikamchomoa yeye. Binti yangu akataka nichomeke palepale. Nikamwambia subiri, ndani kuna vipuri vinavyohifadhi umeme kidogo hata waya ukitoka. Ukiwa na haraka, mashine haifi sawasawa. Akahesabu mpaka thelathini kwa sauti, akiruka kumi na saba kama kawaida yake. Nilichokataa ni kile kitufe cha chini. Hicho ukikishikilia kwa muda anarudi alivyotoka kiwandani: nywila ya waifai, taa zote alizofungamanishwa nazo, kila kitu kinafutika. Kuna watu huanza na hicho. Mimi mwenyewe kidole kilishafika juu yake.

Ruta huchukua dakika zake kurudi. Nikatoa simu, nikaingia kwenye programu ya Bibie kwa intaneti ya simu, nikitafuta kama kuna namna ya kumwasha upya kutoka humo. Sikuiona. Nilichokuta ni daftari.

Kila tulichowahi kumwambia kimo, kimepangwa kwa tarehe na saa, na pembeni kuna alama ya kubonyeza usikilize sauti yenyewe. Masharti niliyakubali siku ya kwanza kwa kushusha kidole mpaka chini, kama tunavyofanya wote, lakini sikuwahi kwenda kuona nilikubali nini. Nyingi ni amri tu, kwa Kiingereza, maana Kiswahili chetu hakijui. Washa. Zima. Punguza. Dakika kumi. Binti yangu anamwambia tafadhali kila mara, mimi sijamwambia hata mara moja. Kuna mahali alidhani ameitwa, akadaka Kiswahili chetu na kujitahidi kukiandika kwa Kiingereza. Ugomvi mmoja mdogo kuhusu funguo umegeuka kuwa habari za bata na gavana. Nikacheka peke yangu. Ile kauli ya nne ya asubuhi haimo, kwa kuwa haikufika popote. Nikashukuru kwamba mtandao ulikuwa mbovu.

Halafu nikashuka chini kidogo. Jumanne, saa nane na dakika ishirini usiku, mke wangu: saa ngapi? Saa tisa na dakika tano, tena: saa ngapi? Jumatatu vilevile. Jumapili mara tatu.

Nikabonyeza nikasikiliza moja. Anaongea kwa kunong'ona, jinsi mtu anavyoongea asitake kuamsha wengine, na Bibie anajibiwa kwa ukimya, hakuna asante, hakuna kitu. Spika ipo sebuleni. Kwa hiyo usiku huo wote alikuwa amekaa huku gizani, na mimi chumbani nimelala fofofo, asubuhi namuuliza umelalaje, ananiambia salama, nami napokea hiyo salama na kuendelea kutafuta soksi.

Sikujua nifanye nini na kitu hicho. Nilihisi kama nimefungua barua ya mtu. Kuna mahali pa kufuta kumbukumbu zote, zikaisha kabisa, na nikakaa nimeikodolea macho sehemu hiyo mpaka taa ya ruta ilipotulia na binti yangu akaanza kunivuta shati.

Nikachomeka. Taa ikazunguka, ikakaa hivyo hivyo kwa muda uliotosha kunikatisha tamaa, kisha kikasikika kile kimlio chake cha kuamka. Binti yangu akamwita kwa jina lake halisi, akamwomba awashe taa, tafadhali. Zikawaka. Nyumba nzima ikapiga makofi, mimi nikiwemo, ila nilikuwa namwangalia mama yake. Sikufuta chochote. Wala sikumwambia nilichokisoma. Ningeanzia wapi? Kwamba nimeambiwa na spika?

Sasa ni saa nane kasoro. Nilipotoka kitandani nilijidanganya kwamba nakuja kuhakikisha Bibie bado mzima, halafu nikafungua kompyuta niandike haya. Nimeizima taa, mwanga ni wa skrini tu.

Mlango wa chumbani umelia. Amekuja taratibu akipapasa ukuta, amesimama karibu na kabati, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuita.

"Saa nane kasoro dakika tano," nimemwambia.

Ameshtuka, kisha amecheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. Ameuliza nafanya nini hapa. Nimemwambia namsubiri. Amekuja kuketi kwenye kochi, amekunja miguu, bado hajasema kitu. Nafunga kompyuta.