Umeambiwa au Umeona?

Hivyo tu ndivyo alivyosema Swaleh, wala hakusema kwa ujeuri. Alikuwa anaichezea bisibisi yangu ndogo, mimi nimeinamia GPS ya mashua, kile kifaa cha kuonyesha mahali ulipo, ambayo mwenye mashua aliapa imekufa, kumbe ni chumvi imekula pini za umeme. Wiki hii dada Zena ameozesha, kusi imekaza mashua nyingi zimefungwa, mwenye nyumba kapandisha kodi ya kibanda, na yote hayo nimeyapokea. La Swaleh ndilo limekataa kushuka.

"Mjomba, ati galaksi za mbali zinatukimbia kuliko mwanga?"

"Kweli."

"Na anayeushinda mwanga si anarudi jana?"

"Wapi! Hazirudi popote hizo."

"Umeambiwa au umeona?"

Mara akaitwa na mamake akabebe masufuria ya pilau, akaenda zake. Mimi nikabaki na pasi ya kulehemu inafuka moshi na jibu halijatoka. Tangu hapo nalirudia. Nikioga nalirudia. Katikati ya khutba ya nikaha, Mungu anisamehe, nalirudia: umeambiwa, au umeona?

Haya. Nianze na ninachokiona, kipo mezani. Setilaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ikiwa moja iko utosini, wimbi lake linatumia kama sekunde 0.067 kufika kwenye antena. Kifaa kinapima muda huo, kisha kinaugeuza kuwa masafa kwa kasi ya mwanga, mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo si makadirio, maana tangu 1983 mita yenyewe inapimwa kwayo. Kosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300, na kwa nahodha anayetafuta mlango wa miamba usiku, mita 300 ni chombo kizima. Saa iliyomo ndani ya kifaa ni ya kwatzi, ya bei rahisi, haina ubavu wa kazi hiyo. Ndiyo sababu inataka setilaiti nne, tatu za mahali na moja ya kuirekebisha saa yake yenyewe. Zikiwa tatu, hujikisia kimo. Baharini kimo kinajulikana, kwa hiyo hupona.

Sasa, saa za huko juu hazitembei sawa na za huku. Kwa ajili ya mwendo wao zinachelewa maikrosekunde (milioni moja hufanya sekunde) 7 hivi kila siku. Kwa kuwa mvutano wa dunia huko ni hafifu, zinatangulia 45. Ukitoa, zinatangulia 38. Basi kabla hazijarushwa mapigo yake hupunguzwa huku chini: badala ya megahezi 10.23 (mapigo milioni 10.23 kwa sekunde) huwekwa 10.22999999543. (Wanaosema kwamba bila hilo GPS ingekosea kilomita 11 kila siku wanaruka hatua. Kosa likiwa sawa kwa setilaiti zote, kifaa kingelitupia karibu lote kwenye saa yake. Ungepotea muda kwanza, mahali baadaye sana.)

Kusafiri katika wakati ndiko huko, na ni kwa kwenda mbele tu. Gennady Padalka, Mrusi, amekaa angani jumla ya siku 878, na amezeeka pungufu ya sisi kwa kama sekunde 0.02. Saa iliyorudi jana haijapata kuonekana, si ya Mrusi wala ya mtu mwingine.

Mpaka hapo ningemjibu Swaleh bila kumeza mate. Kinachonichoma ni zile galaksi, yale majiji makubwa ya nyota. Mtoke nje mwezi wa kumi na moja, taa za hoteli zikiwa mbali, mtazame kaskazini: kuna kiwingu hafifu, Andromeda, mwanga wake umeondoka miaka milioni 2.5 iliyopita. Galaksi kamili, ya kuonwa kwa macho. Na hiyo haitukimbii! Inakuja, kilomita kama 110 kila sekunde. Geuka kusini, vile viwingu viwili vya Magellan, galaksi ndogo za jirani, viko ndani ya mvutano wa galaksi yetu hii hii. Yaani katika vyote anavyoweza kuviona Swaleh akiwa Malindi kwa macho yake, hakuna hata kimoja kinachoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Mvutano wa karibu unashinda. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapa kwetu Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuta miale ya eksirei ikitoka kwenye makundi ya galaksi. Ni gesi ya moto iliyojaa katikati yao, imeshikiliwa na mvutano huo huo. Ndani ya kundi hakutanuki kitu. Kwa hiyo umeambiwa, mjomba.

Nilikuwa nimenuna hivyo mpaka usiku wa juzi, stima imepotea, mkono ukagusa kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya meza. Nikacheka peke yangu.

Ukitaka kujaribu: kata ukanda wa tyubu, upana sentimita 1, urefu zaidi kidogo ya 30 upate pa kushika. Tia alama kila sentimita 5 kuanzia 0. Kwenye kila alama gandisha ushanga kwa gundi kidogo. Usichore duara la kalamu, maana duara litatanuka pamoja na mpira, na galaksi haitanuki. Bana alama ya 0 mezani, vuta mpaka 30 ifike 60. Ushanga wa 5 umeenda 10, umesogea 5. Ule wa 30 umesogea 30, kwa muda ule ule. Aliye mbali mara sita amekimbia mara sita, na hakuna aliyemsukuma. Bana ushanga wowote mwingine badala ya ule wa kwanza, hadithi ni ile ile, kwa hiyo kitovu hakuna. Ila usivute kwa pupa. Mpira usipotanuka sawasawa, hesabu itaharibika uanze kumlaumu Hubble, mwanaastronomia aliyepima kukimbia huku kwa galaksi. Na kumbuka tyubu ina ncha na ina mkono unaoivuta. Ulimwengu hatuujui kwa ncha.

Kwa galaksi, kila umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26 (mwaka wa mwanga ni umbali unaokwenda mwanga kwa mwaka) unaongeza kasi ya kukimbia kwa kilomita kama 70 kwa sekunde. (Wengine hupata 67, wengine 73, na ugomvi huo haujaisha.) Gawa 300,000 kwa 70, zidisha kwa milioni 3.26: miaka ya mwanga bilioni 14 hivi. Galaksi iliyo zaidi ya hapo inatukimbia kwa kasi inayopita ya mwanga, na hakuna sheria iliyovunjwa. Sheria inakataza kuupita mwanga mahali mlipo wote wawili. Huko iliko, galaksi hiyo imetulia tu, na mwanga wa jirani yake unaipita kama kawaida.

Na tunaionaje basi? Hapa ndipo nilipochekea. Mweke sisimizi kwenye ncha ya 30, aje kwenye alama ya 0, hapo ulipo wewe, kwa sentimita 1 kila sekunde. Ncha ile ya 30 ivutwe kwa sentimita 2 kila sekunde, bila kuacha. Kwanza anarudi nyuma, masikini, huku anatembea kuja. Sekunde ya 26 yuko sentimita 41 kutoka kwako, mbali kuliko alipoanzia. Hapo anasimama, kwako wewe unayetazama, kisha anaanza kukaribia. Sekunde ya 96 amekufikia, na mpira sasa una urefu wa zaidi ya mita 2. (Tyubu itakuwa imekatika zamani, lakini hesabu haikatiki.) Muda wote huo hajaongeza mwendo wala kupunguza. Mwanga wa galaksi nyingi tunazozipiga picha leo umefika hivyo, umechukuliwa nyuma kwanza, kisha ukatoka.

Na swali lako la kurudi jana, Swaleh, jibu lake limeonwa. Zipo nyota zinazolipuka, aina yake inajulikana, muda wake wa kung'aa na kufifia unajulikana. Iliyo mbali kiasi kwamba mawimbi ya mwanga wake yamefika yamevutika mara mbili, muda wake nao unaonekana mara mbili: iliyopaswa kufifia kwa siku 20 inatumia 40. Ni filamu iliyopunguzwa mwendo. Kadiri nyota ilivyo mbali ndivyo filamu inavyozidi kwenda polepole, ila hata moja haijaonekana ikienda kinyume. Hakuna mlipuko uliokusanyika ukarudi kuwa nyota. Kuona habari ya zamani ni kupokea, wala huendi kokote.

Kuna moja sitamwambia kwanza, mpaka aulize. Sisimizi wangu alifika kwa sababu nilivuta kwa mwendo ule ule. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia, wakitumia nyota hizo hizo zinazolipuka, walikuta kwamba ulimwengu unaongeza mwendo. Kwa hiyo galaksi iliyo mbali zaidi ya miaka ya mwanga bilioni 16 au 17, mwanga unaoiacha leo hautafika hapa milele. Tutaendelea kuiona ya zamani, ikizidi kuwa nyekundu na polepole. Basi.

Ukanda nimeuning'iniza kwenye msumari, gundi imekauka, shanga mbili zimeanguka. Akija Jumamosi tutagandisha upya. Kama hatakuja kwa ajili ya mpira, atakuja kwa ajili ya halua iliyobaki.

Lakini kitu kingine. Leo nimemhamishia Bi Mkubwa kitanda upande wenye upepo, nimekuta chini ya godoro dawa zake za presha, karibu za mwezi mzima, hazijaguswa. Anasema zinamwamsha usiku kwenda choo na choo kiko uani gizani. Kliniki ni Alhamisi. Zena bado ana wageni, mimi nina mashua mbili za kukabidhi siku hiyo hiyo, na Bi Mkubwa mwenyewe ameshatangaza haendi.