Sista Irene kabla ya Gikondi

Mtaje Mwenyeheri Irene Stefani, mtawa aliyebakiza hatua moja kuitwa mtakatifu, mbele ya Mkatoliki wa Nyeri, Kenya, atakuambia "Nyaatha", mama wa huruma, kisha atakuelekeza Gikondi, Mukurweini. Ni haki yao kujivunia, maana huko ndiko alikoishi miaka 10 ya mwisho na huko ndiko alikofia. Ila mimi ni muuguzi mkoani Lindi, na kila nikisoma habari za mtawa huyu macho yangu hukwama kwenye miaka ambayo vijitabu vingi nilivyosoma huipita haraka: miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia, alipowauguza wapagazi katika hospitali za kijeshi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Naamini kabisa kwamba huyo mama wa huruma wa Gikondi alifinyangwa huku kwetu pwani, wodini.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 Anfo, kijiji cha milimani kaskazini mwa Italia, akabatizwa Aurelia Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata, shirika ambalo Padre Giuseppe Allamano alikuwa amelianzisha Turin mwaka mmoja tu nyuma. Allamano mwenyewe ametangazwa mtakatifu Oktoba 2024, na furaha yake bado ninayo. Sista Irene alifika Mombasa mwanzoni mwa 1915, akiwa na miaka 23. Vita vilikuwa vimeshaanza.

Sisi tuliokulia huku tunalijua jina la Mahiwa, tunajua Waingereza na Wajerumani walipigana vikali pale Oktoba 1917. Habari za wapagazi husimuliwa kidogo sana. Njia nyingi za kusini hazikuwa na reli wala barabara za magari, na wanyama wa mizigo walikuwa wakifa kwa mbung'o, kwa hiyo masanduku mengi ya risasi na magunia mengi ya posho yalipanda vichwani mwa watu. Wanaume walikusanywa kwa nguvu kutoka vijiji vya Kenya, Tanganyika na kwingineko, wakaitwa Kariakoo, kutoka Kiingereza "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa, na unga wa mahindi uliopikwa haraka haraka, ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Hapo ndipo uuguzi wangu unaponifanya nisome polepole. Leo mgonjwa wa kuhara akiletwa amelegea, macho yameingia ndani, ngozi ukiifinya inabaki imesimama, mkono wangu unajua pa kwenda: natafuta mshipa, naning'iniza dripu, au kama anaweza kunywa nampa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Sista Irene hakuwa na ORS, ilikuja miongo mingi baadaye. Hakuwa na penisilini wala kiuavijasumu kingine chochote. Kwinini ilikuwepo, bandeji zilikuwepo, dawa ya kuoshea vidonda ilikuwepo, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko mikono. Katika hali hiyo, tiba ni muuguzi mwenyewe. Ni yule anayekugeuza ili mgongo usioze, anayekusafisha bila kuziba pua, anayekuinua kichwa unywe maji mara ya kumi ingawa umeyatapika mara tisa. Watu husifu upole wake kana kwamba ulikuwa tabia nzuri tu ya ziada. Kwa mgonjwa asiye na dawa, upole wa namna ile ulikuwa ndio matibabu yenyewe.

Kisa kimoja cha Kilwa husimuliwa na walioandika maisha yake. Jioni moja alikuta kitanda cha mgonjwa aliyekuwa akimfundisha dini kiko kitupu. Akaambiwa amekufa, ameshapelekwa ufukweni na maiti wengine. Hakuridhika. Alishuka hadi pwani, akaanza kutafuta kati ya miili, mmoja mmoja, mpaka akamgusa mtu wake na kumkuta bado anapumua. Nimefanya kazi ya kuthibitisha vifo na najua uzito wake: unaweka vidole shingoni, unasikiliza kifua, unamulika mboni ya jicho, na usipoona dalili unarudia tena. Kwa hiyo mtu aliyekataa kuamini kitanda kitupu namwelewa. Aliyembeba yule mpagazi alihesabu maiti. Sista Irene alikuwa akimtafuta mtu anayemjua kwa jina.

Najua kuna ndugu zangu Waislamu, na hata Wakatoliki wenzangu, wanaokwazika wakisikia kwamba aliwabatiza wengi waliokuwa wakikata roho. Swali lao ni la haki: mtu aliye hoi ana uhuru gani wa kukubali au kukataa? Mimi leo, nikiwa zamu, simgusii mgonjwa habari za dini mpaka yeye aanze, na nadhani huo ndio utaratibu sahihi. Lakini pia naona kwamba alikaa nao kwanza, akawafundisha kwa Kiswahili ambacho naye alikuwa bado anajifunza, na alichowapa ndicho alichokiona cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi mwaka 1920. Habari za huko zinajulikana zaidi, sitazirudia zote. Alifundisha shule, alipanda na kushuka vilima vile amevaa mabuti mazito, aliingia nyumba hadi nyumba kutafuta wagonjwa na akina mama waliojifungua. Jambo ninalolipenda zaidi ni barua. Wazazi waliokuwa na vijana wao kazini Nairobi au Mombasa walimjia, wakamwambia la kusema, naye akaandika, kisha majibu yakija akawasomea. Sidhani kama alijifunza kazi hiyo Gikondi. Aliyekaa wodini na wanaume waliotolewa kwao kwa nguvu, bila mtu wa kupeleka salamu nyumbani, hahitaji kuelezwa mama anayesubiri habari anajisikiaje.

Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39, baada ya kumuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni. Mwalimu yule hakuwa rafiki yake. Alikuwa amemsumbua kazini, na Sista Irene akaenda hata hivyo, akampakata. Tauni leo inatibika kwa viuavijasumu ikiwahiwa. Wauguzi wa Lushoto waliopambana nayo miaka ya nyuma wanajua ni ugonjwa wa kuingia wodini umejikinga, na 1930 hakukuwa na dawa ya kuuponya.

Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri Nyeri, na aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, mojawapo ya miji ile ile ya hospitali za wapagazi. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ili atangazwe hivyo ulitokea Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji, Januari 1989. Watu zaidi ya 200 walijificha kanisani wakati wa vita, wakamwomba Sista Irene, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo, yaani chombo cha maji ya kubatizia, yakawatosha kwa siku kadhaa. Mtoto wa kike alizaliwa humo humo, akaogeshwa kwa maji hayo, akaitwa Irene.

Hospitali zile za Kilwa na Lindi nazitafuta bado: zilisimama wapi hasa, na waliofia humo walizikwa wapi. Wazee wa kwetu niliowauliza wananielekeza sehemu tofauti tofauti. Kama bibi au babu yako alikusimulia lolote kuhusu kambi za Kariakoo, au kuhusu masista wa kizungu waliouguza wapagazi, hata kama ni jina la mtaa tu au mti uliokuwa karibu, niandikie. Nikipata likizo nitakwenda kuanzia Kilwa Kivinje.