Picha haioneshi mafuta: nilivyopunguza uzito na mtaalamu wa lishe wa kwenye simu

Kila aliyeniona nimenenepa alikuwa na dawa yake. Kata wanga kabisa. Usile usiku. Kunywa maji ya moto yenye ndimu, mafuta yatayeyuka. Ushauri huu unaniudhi hadi leo, maana ndimu haijawahi kuyeyusha mafuta ya mwili wa mtu. Na kilo zinazopotea haraka ukikata wanga, nyingi ni maji, kwa sababu mwili huhifadhi akiba ya wanga pamoja na maji. Ukirudi kula, nazo zinarudi, na mtu anakata tamaa bure.

BMI yangu, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ilikuwa imepita 35, na presha juu. Daktari akaniunganisha na mtaalamu wa lishe anayehudumia watu kwa simu.

Mwanzoni tulitumia picha. Kila mlo napiga sahani kutoka juu, kijiko kikiwa pembeni ili apate kipimo. Nusu ya sahani mboga, robo protini, robo wanga. Picha zilipendeza, lakini mizani haikusogea, wiki ikaisha, na nyingine ikaisha. Mwingine angesema nakula kwa kujificha. Yeye alisema, "Picha haioneshi mafuta. Naomba unipigie video ukiwa unapika."

Nikaegemeza simu ukutani, nikaanza kukaanga vitunguu. Alitazama kimya hadi nilipoweka chupa ya mafuta chini, kisha akaniambia niiweke kwenye mizani ya jikoni na niandike gramu zake. Nipike kama kawaida wiki nzima, halafu niipime tena. Tukatoa, tukagawa kwa siku na kwa walaji wa nyumbani. Fungu langu lilikuwa zaidi ya vijiko vitatu vya chakula kwa siku. Kijiko kimoja kina takriban kilokalori 120, kwa kuwa gramu ya mafuta hubeba kilokalori 9 wakati ya wanga au protini hubeba 4. Yaani zaidi ya kilokalori 360 zilikuwa zimejificha ndani ya mboga zilezile zinazosifiwa! Siku hizi mafuta yanaingia sufuriani kwa kijiko, na wiki chache baadaye uzito ulianza kushuka.

Ndiyo maana nakataa kabisa wanaosema huduma ya mbali ni ya daraja la pili. Ofisini kwake ningemsimulia jiko langu. Kwa simu aliliona.

Kuhusu mizani ya mwili: pima asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, na uangalie wastani wa wiki. Chumvi ya jana peke yake inaweza kukupandisha karibu kilo nzima ya maji. Kiuno nacho kipime, utepe wa fundi cherehani unatosha.

Jambo ambalo watu hawalisemi ni dawa. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akipunguza chakula, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Mtaalamu wangu hakugusa mlo wangu kabla ya kuona orodha ya dawa zangu zote na kuwasiliana na daktari. Mtu akikutumia ratiba ya chakula bila kukuuliza unatumia dawa gani, mkimbie.

Gharama yangu kubwa ilikuwa bando. Lengo tuliloweka halikuwa wembamba, bali kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, kiwango ambacho presha na sukari huanza kupata nafuu. Nimefika 9, na daktari amenipunguzia dozi ya presha. Najivunia sana!

Kwa sasa uzito umesimama tena, jambo alilonitahadharisha mapema: mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ulipokuwa mzito. Tumekubaliana niongeze protini na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito ili misuli isiondoke pamoja na mafuta, na tutaongea tena mwisho wa mwezi.