Tepe Alizoshona Mama

Baba alikuja kunitembelea Paris mwaka 2014. Alikuwa amestaafu jeshi zamani akiwa sajini, lakini akitembea bado unaona gwaride miguuni. Siku ya tatu tulipanda kutoka kituo cha metro cha Notre-Dame-des-Champs, tukakuta sanamu kubwa ya askari. Baba akasimama ghafla.

"Huyu anapiga saluti ya upanga," akasema. "Mbona upanga umekatika?"

Nikamweleza. Ni Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa wa mizinga, Myahudi, aliyehukumiwa Desemba 1894 kwa madai ya kuwapa Wajerumani siri za jeshi. Hakufanya kosa hilo. Tarehe 5 Januari 1895 walimsimamisha uwanjani École Militaire, wakamnyofoa vyeo na vifungo mbele ya vikosi, upanga wake ukavunjwa, naye akipaza sauti kwamba hana hatia.

"Vifungo vya ofisa havinyofoki kirahisi hivyo," Baba akasema.

Nikamwambia nyuzi zilikuwa zimelegezwa mapema, na upanga nao ulikuwa umekwisha kukatwa kiasi ili usiwasumbue.

Baba aliinama, akashika mkono wa koti lake pale juu ya kiwiko. Kidole gumba kilikuwa kikipapasa kitambaa kitupu. "Tepe zangu za koplo alizishona mama yako," akasema. "Usiku, kwa kibatari. Mtu akae na sindano azifumue, kesho yake waje kuzing'oa kama vile ni hasira? Hapana. Hilo ni baya kuliko kufungwa jela."

Mimi naona kifungo nacho kilikuwa kibaya mno. Walimpeleka Kisiwa cha Shetani, Guyana ya Kifaransa, akafika Aprili 1895. Walinzi walikatazwa kusema naye. Mwaka 1896 gazeti lilizusha kwamba ametoroka, na kwa uzushi huo akafungwa miguu kitandani kila usiku kwa zaidi ya mwezi, huku kibanda chake kikizungushiwa uzio mrefu asiione hata bahari. Alikaa kisiwani mpaka Juni 1899, na jina lake halikusafishwa hadi 1906. Ndipo jeshi likampokea tena, akiwa meja.

"Mkewe alimwacha?"

"Hapana, Baba. Lucie alimwandikia muda wote. Baadaye wakawa hawampi hata barua zenyewe, wanampa nakala, asiuone mwandiko wake."

Baba akakaa kimya. Kisha: "Walikuwa na watoto?"

"Wawili, Pierre na Jeanne. Wadogo."

"Waliambiwa nini?"

"Kwamba baba yao yuko safarini."

Alinitazama. Mwishoni mwa 1978, alipopelekwa Kagera, nilikuwa na miaka sita. Kila jioni nilimuuliza Mama swali lilelile.

"Na nyinyi mama yenu aliwaambia hivyohivyo," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akanishika mkono, tukavuka barabara.