Mwaka mmoja tangu dada atoke hospitalini

Leo dada yangu ametimiza mwaka mmoja tangu atoke hospitalini hapa Uingereza, nami nimeona niwaeleze ndugu na jamaa mnaouliza kwa nini matibabu yake yamekuwa magumu kiasi hiki. Katika ugonjwa wake, maltipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, na natalizumabu, dawa aliyokuwa akitiwa mshipani kila baada ya wiki 4, ilikuwa imemwezesha kutembea tena bila mkongojo. Dawa hiyo huzuia chembe za kinga zisiingie ubongoni; kwa sababu hiyo hiyo, virusi vya JC, ambavyo wengi wetu tunavyo mwilini bila kudhurika, vilipata nafasi ya kuushambulia ubongo wake.

Virusi hivyo havina dawa iliyothibitishwa. Madaktari walisimamisha natalizumabu na kusafisha plazima ya damu yake ili dawa itoke haraka, lakini kinga iliporudi kwa nguvu ubongo ulivimba, akapoteza usemi kwa wiki kadhaa, na ikabidi apewe steroidi, dawa za kutuliza kinga na uvimbe. Kipindi hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote, kwa maana kinga tuliyokuwa tukiiombea irudi ndiyo iliyokuwa ikimuumiza.

Sasa sklerosisi imeamka tena, na dawa nyingi kali hudhoofisha kinga ile ile inayovidhibiti virusi. Ameanzishiwa glatirama, isiyokandamiza kinga, ingawa nguvu yake ni ndogo. Jana alitamka jina langu lote.