Nilivyoupanga mkopo wa dagaa ufuate giza na mbalamwezi

Mikopo mingi ya biashara ya dagaa hapa Kigoma huharibikia kwenye ratiba ya rejesho. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukijaa, taa hazivuti, na mialo (sehemu za kupokelea samaki) kama Kibirizi na Katonga hupoa kwa karibu wiki nzima. Lakini mkataba unaandikwa rejesho kila wiki, marejesho 24 kwa miezi 6, kama vile dagaa hushuka kila Jumatatu. Wiki ya mbalamwezi mtu analipa kwa mtaji. Akifanya hivyo mara tatu nne, mtaji umekatika na anakimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa.

Mimi niliomba rejesho moja kwa mwezi, tarehe iangukie mwezi mpevu, kwa sababu mzigo wa mwisho wa giza ukishaanikwa, ukasafirishwa na kuuzwa, pesa yake huingia siku hizo. Angalizo: mbalamwezi huwahi kwa takriban siku moja kila mwezi wa kalenda. Kufikia rejesho la sita, pesa hukaa mkononi siku 4 au 5 kabla ya tarehe, nazo ndizo siku za hatari. Iwekwe kwenye laini nyingine ya simu, isiguswe.

Afisa mikopo hakubali kwa maneno matupu. Nilipeleka daftari la miezi 3: tarehe, ndoo zilizonunuliwa, bei, nauli ya mzigo, mauzo, na kilichotumika nyumbani. Hicho cha mwisho wengi hukificha, afisa akadhani faida yote italipa deni, akakuandikia rejesho lisilobebeka. Siku za mbalamwezi niliziacha bila mauzo, zionekane wazi. Juu yake niliweka taarifa ya miamala ya simu ya miezi 6. Wateja wa Tabora na Dar es Salaam watume kwenye laini moja tu, iliyosajiliwa kwa jina lilelile la kitambulisho cha taifa (NIDA). Jina likitofautiana na la leseni au la barua ya serikali ya mtaa, hata kwa herufi, faili hurudi.

Riba nayo ihesabiwe kabla ya kusaini. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, wamewekewa kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 6, riba ikikatwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho ni 210,000; ikikatwa juu ya deni lililobaki ni 122,500. Asilimia ni ileile, tofauti ni 87,500. Uliza pia makato ya mwanzo. Wakizuia asilimia 10 kama akiba ya dhamana na asilimia 2 ya ada, unaondoka na 880,000 huku riba ikitozwa kwenye milioni nzima. Mnunuzi wa dagaa asipolijua hilo huagiza ndoo ambazo hana pesa yake.

Halafu kuna kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ziwa likifungwa hivyo, anayechukua mkopo wa miezi 6 mwezi Februari atalipa marejesho matatu bila dagaa. Mimi huomba mwishoni mwa Agosti, deni liishe Februari. Septemba na Oktoba jua la kuanikia lipo. Mvua za Novemba zikianza na dagaa kuozea kwenye vichanja, nusu ya safari ya deni iko nyuma.